Vijiko Vitatu Kabla ya Kipimo

1

Mashine ya kusoma damu haikuwa na adabu hata kidogo. Binadamu angekohoa kwanza, angetafuta maneno, pengine angeomba akae chini. Yenyewe ilitoa mlio mmoja mfupi, ikaandika kwenye kioo: Mpokeaji, Semvua Mbwambo. Mtoaji anayefaa, Nakiete Msuya. Ulinganifu, asilimia tisini na nne.

Atuganile alilisoma jina lile mara tatu. Alikuwa mpimaji wa damu kwa miaka kumi na tano na mke wa Semvua kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo Nakiete, mke wa kwanza wa Semvua, alikuwa mtu wa kupishana naye sokoni tu. Shikamoo, marahaba, basi. Leo amemfuata mpaka kazini.

Semvua alikuwa na kisukari cha aina ya pili, na kidonda cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefikisha mwezi wa tano bila kufunga. Insulini mwilini mwake ilikuwa tele. Tatizo lilikuwa milango. Chembe nyeupe zake za damu, zile zinazopaswa kupigana na vijidudu, zilikuwa zimeyageukia mafuta ya mwili wake mwenyewe kama adui, na kila zilipomwaga kemikali zao za vita, milango ya misuli na ini ilizidi kushika kutu. Insulini inagonga, hakuna anayefungua, sukari inabaki nje inazurura. Dawa za zamani ziliusukuma mlango kwa bega. Siku hizi madaktari waliimaliza vita yenyewe: walichukua kwa mtu mwingine chembe walizoziita watulizaji, wakazipanda kwa mgonjwa, nazo zikawanyang'anya askari hao silaha.

Lakini watulizaji lazima wamjue mtu. Wakiwa wageni hufukuzwa kabla ya wiki kwisha. Na mtu gani anayemjua mwanamume kwa damu kuliko mwanamke aliyembebea mimba? Mwanamke huyo ameilea nusu ya mwili wa mwanamume tumboni miezi tisa bila kuipiga vita. Watulizaji wake walijifunza siku hizo, na hawakusahau tena. Nakiete alizaa na Semvua binti mmoja, Navone, ambaye sasa yuko chuoni Mtwara. Atuganile hakuzaa.

Roho ilimuuma, tuseme ukweli, na siyo kidogo. Tangu aolewe kutoka Tukuyu akaletwa kwenye milima hii ya Upare, watu walimwita mumewe Baba Navone mbele yake, nyumbani kwake, huku wakila wali wake. Alikwisha zoea, au alijidanganya hivyo. Sasa sayansi aliyoisomea kwa jasho lake nayo imejiunga na majirani.

Kuficha hakungewezekana, maana majibu yalikwisha kwenda kwa Dokta Mchome, mkuu wa kituo. Jioni ile alimwambia mumewe huku akimfunga bendeji.

"Mama Navone?" Semvua aliinua kichwa. "Atakubali kweli?"

"Amekwisha kubali. Dokta alimpigia."

"Mtu wa watu yule." Akatabasamu, kisha akakumbuka alikuwa anatabasamu mbele ya nani, akautazama mguu wake. "Na hayo mambo yanakwendaje?"

Atuganile alimweleza. Watulizaji hupandwa siku ya kwanza, halafu siku arobaini mtoaji na mpokeaji hula pamoja mara tatu kwa siku, chakula kimoja, saa ileile, kwa sababu chembe zile hufuata mwendo wa mlo. Damu mbili zikipanda na kushuka kwa pamoja, watulizaji hawashtuki. Wakati mmoja walijaribu kupika chungu kimoja na kula katika nyumba mbili. Watu walidanganya, wakala kwa siri, na kazi ikaharibika. Kwa hiyo sheria ikawa sinia moja, nyumbani kwa mgonjwa.

"Siku arobaini," Semvua alisema polepole. "Basi itabidi atupikie makande."

Alisema "atupikie". Lakini Atuganile alijua nani aliyekuwa na hamu ya makande ya nani. Yeye mwenyewe aliyapika mara nyingi, mahindi akayakoboa, maharage akayaloweka, na kila mara Semvua aliyala akasema ni matamu kwa sauti ya mtu anayemshukuru mgeni.

2

Jumamosi saa moja asubuhi Nakiete alipiga hodi. Alikuwa dereva wa gari la waya, lile linaloning'inia kutoka Same mpaka juu kwenye mashamba ya tangawizi, na alitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku na sweta lake la kazi. Mkononi bangili yake iling'aa kijani. Kila mtu mzima alivaa bangili ile. Viashiria vitano vya kinga vilisomwa kwenye damu mara moja kwa mwaka, au mtu alipotoa damu, na rangi ikajiweka bangili ilipogusa kisoma: kijani kwa damu tulivu, njano kwa ya kuangaliwa, nyekundu kwa iliyochemka.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Marahaba, mdogo wangu. Baba Navone ameamkaje?"

"Hajambo. Yuko ndani anavaa."

Nakiete alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, magoti yamebanana, kama mtu asiyetaka kuacha alama. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na shingo nzuri bado. Atuganile aliiona ile shingo. Aliona pia kwamba macho ya mgeni yalilitafuta kabati la zamani la vyombo, yakalikuta palepale lilipokuwa zamani, yakatulia.

Dokta Mchome alikuwa aje saa mbili kuchukua damu. Mke haruhusiwi kumtoa damu mtoaji wa mumewe, lakini kazi moja alibakiziwa: mwenye nyumba ndiye anayetia kidole gumba kuthibitisha kwamba mtoaji hajala wala kunywa chochote ila maji kwa saa kumi na mbili. Na kwa kuwa mwenye nyumba hii alikuwa mpimaji mwenye leseni, kidole chake hakikuhitaji shahidi.

Huko milimani mgeni wa asubuhi hakai mikono mitupu. Hilo liliwatesa wapimaji miaka mingi. Vipeperushi vyote vya kituo vilianza kwa mstari mmoja, "Usimpe mtoaji chai", na bado nusu ya damu zilizoharibika ziliharibiwa na ukarimu. Nayo chai haitolewi ovyo. Mwenyeji huonja funda moja mbele ya mgeni, kisha humkabidhi kikombe, maana yake hakuna kitu humu. Baada ya hapo mgeni akikataa, amesema kwa mwenye nyumba neno ambalo halifutiki. Na mgeni akiwa mke wa zamani, mwenyeji akiwa mke wa sasa, kukataa ni kutangaza mlima mzima kwamba unaogopa sumu.

Atuganile aliyajua yote hayo alipokwenda jikoni. Birika la chai ya maziwa na tangawizi lilikuwa limekwisha chemka, la kwake na Semvua. Alichukua kikombe. Akatia kijiko kimoja cha sukari, akasimama. Kutoka sebuleni alimsikia Semvua akija akichechemea, halafu kicheko. Siyo chake cha kila siku. Kicheko kilichoanzia tumboni, ambacho hakuwahi kukisikia kwa miaka kumi na mmoja.

Akatia cha pili na cha tatu.

Alifanya hesabu yake vizuri. Vijiko vitatu, saa moja kabla ya sindano, vingewaamsha askari wa damu kiasi cha kuipeleka bangili kwenye njano. Mwenye njano hatoi watulizaji, lakini hapati shida yoyote. Anapimwa tena baada ya miezi sita. Na Semvua? Kituo kingemtafutia mtoaji mwingine, wa asilimia sitini hivi, mtu asiyemfahamu, asiyemchekesha. Kidonda kingesubiri kidogo. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na wivu ukimsomea mtu hesabu, hesabu zote hutoka sawa.

Alitoka na kikombe, akasimama mbele ya Nakiete, akaonja funda moja. Utamu ulimkwaruza koo.

"Karibu chai, dada. Umetoka kwenye baridi."

Nakiete alikitazama kikombe. Akamtazama mwenye nyumba usoni, muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. "Siku ya leo inaruhusiwa?"

"Ya tangawizi haina neno."

"Wewe ndiye mtaalamu." Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akashukuru.

Dokta Mchome alifika akihema, akafungua mkoba, akauliza bila kuinua macho, "Mtoaji amefunga?"

Nakiete alimtazama Atuganile. Nyumba haikuwa yake.

"Amefunga," Atuganile alisema, akakandamiza kidole gumba chake kwenye kioo.

3

Jumanne mchana Atuganile alikuwa kituo cha juu cha gari la waya akisubiri kuteremka Same kufuata vitendanishi, dawa za kupimia damu. Abiria ishirini walikuwa ndani na mifuko yao ya tangawizi. Nakiete aliingia kwenye chumba chake cha kioo, zamu yake ya kwanza tangu Jumamosi, akaweka kifundo cha mkono kwenye kisoma bangili kama alivyofanya kwa miaka kumi na minane.

Gari halikuwaka. Sauti ya chombo, ile ya upole inayochukiza, ilisema mbele ya wote: "Dereva haruhusiwi. Tafadhali shuka."

Akaweka tena mkono. Bangili ikabadilika abiria wakiitazama, ikapita njano bila kusimama, ikawa nyekundu.

Hakuna aliyesema kitu cha ubaya. Lakini mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu, na mzee mmoja akashuka na mfuko wake, akasema atasubiri gari la pili. Wenye nyekundu walijulikana kuanguka ghafla sukari ikiwapanda, na nani anataka kuning'inia hewani na mtu wa namna hiyo? Nyekundu ilikaa miaka mitatu. Miaka mitatu bila gari, bila zamu, na kila mwezi kujiripoti kliniki kama mwenye kesi.

Nakiete alishuka na chupa yake ya maji na sweta. Alimwona Atuganile, akamjia moja kwa moja.

"Mdogo wangu, hebu nisomee." Alinyoosha mkono. "Maana yake naumwa?"

Atuganile aliishika bangili. Namba zilikuwa pale: askari wa mstari wa mbele wameongezeka, watulizaji wamejificha, kemikali za vita mara nne ya kawaida. Akaelewa kosa lake. Alihesabu sukari, hakumhesabu mtu. Mwanamke aliyekesha zamu nzima, hajala tangu mchana wa jana, kaingia kwenye nyumba aliyoachika, damu yake ilikuwa imekwisha simama mguu mmoja hata kabla ya chai. Alikusudia njano.

"Inaonyesha..." alianza. "Askari wa damu yako wamechemka. Wakichemka muda mrefu, insulini inagoma kufanya kazi. Ni dalili za mwanzo."

"Za kisukari."

"Huenda."

Nakiete alikaa kwenye benchi. Kilichomwuma Atuganile, na kitaendelea kumwuma, ni kwamba mwenzake hakulia kwa ajili ya kazi yake. "Basi nimemharibia Baba Navone," alisema. "Mguu wake. Nilikwisha kumwambia mtoto kwamba baba yake atapona."

Gari jingine lilikuja. Atuganile hakupanda.

4

Alimkuta Semvua ameweka mguu juu ya kigoda, habari zimemfikia. Habari milimani hazihitaji nyaya.

"Masikini Mama Navone," alisema mara tu mkewe alipoingia. "Miaka kumi na minane hajawahi kuchelewa hata siku moja."

Mguu wake ulikuwa unanuka. Dokta Mchome alikwisha sema kwamba bila watulizaji wiki ijayo vidole viwili vitaondoka, na baada ya vidole haijulikani. Na bado kitu cha kwanza kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa huruma kwa mwingine. Wivu ulimpanda Atuganile palepale, mpya kabisa, kama vile haukufanya kazi yoyote wiki ile. Kwa muda wa kuvua kandambili zake alikata shauri kunyamaza. Nani angejua? Mtoaji angekuja mwingine, na Nakiete angezoea, watu wangapi wana nyekundu na wanaishi?

Akaipeleka beseni ya maji ya chumvi, akapiga magoti, akaanza kuifungua bendeji. Kidole cha pili kilikuwa kimegeuka rangi tangu asubuhi.

"Nilimpa chai," alisema.

"Nani?"

"Nakiete. Jumamosi. Nikamwambia Dokta amefunga."

Semvua aliutia mguu ndani ya beseni. Maji yalipoa kidogo. Nje kuku walikuwa wanagombana juu ya kitu.

"Ulitia sukari?"

"Vijiko vitatu."

"Huyu mtu hatumii sukari," Semvua alisema. "Tangu tukiwa vijana. Hata kwenye uji."

Hata hilo alilikumbuka! Atuganile aliinamisha uso kwenye beseni. Alikuwa anakiri dhambi, na katikati ya kukiri bado aliona kijicho, kwa sababu mwenzake alikuwa na vitu vidogo vidogo vilivyohifadhiwa ndani ya kichwa cha mwanamume huyu, na yeye hakujua kama ana hata kimoja.

"Kwa nini?" Semvua aliuliza.

"Ulicheka."

"Nini?"

"Ulicheka naye. Mimi hujanichekea hivyo hata siku moja."

Semvua aliutoa mguu kwenye maji mwenyewe, kwa taabu, akaukausha mwenyewe. Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu angemgombeza. "Alikuwa ananihadithia Navone alivyomwita mkuu wa chuo babu," alisema mwishowe. "Ndicho nilichochekea. Mtoto."

Nyekundu ilikuwa na njia moja tu ya kufutika: aliyetia kidole gumba akiondoe kwa kiapo na aseme nini kiliharibu damu. Kesho yake saa tatu asubuhi Atuganile alisimama mbele ya Dokta Mchome, akasema yote, na jina la kosa, na idadi ya vijiko. Dokta alisikiliza akiwa amevua miwani.

"Kama ungesema ulisahau, ningeandika ukarimu," alisema. "Hapa kila mtu anasahau."

"Sikusahau, Dokta."

Akaandika. Mashine ikatoa mlio wake mmoja, na leseni ya Atuganile ikazimwa kwa miaka miwili. Alikabidhi koti jeupe na funguo za friji ya damu. Kutoka pale alikwenda kwa Nakiete kwa miguu, mlima mzima, akamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu.

Nakiete alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Nilijua si sawa," alisema. "Mwili ulinikataza. Lakini ulionja kwanza. Mtu akishaonja mbele yangu, sina tena cha kumwuliza." Akaitazama bangili yake. "Kipimo kingine ni lini?"

"Jumamosi. Kama bado unakubali."

"Mimi sikukubali kwa ajili yako."

5

Jumamosi Nakiete alikuja saa moja, safari hii amelala usiku mzima kwake. Atuganile alikwenda jikoni, akarudi na glasi ya maji ya kawaida. Akasimama mbele yake, akaonja funda moja, akamkabidhi. Nakiete aliinua glasi mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama bila kuficha kwamba anaitazama, kisha akanywa.

Kidole gumba kilitiwa na jirani. Saa nne bangili ilikuwa kijani, na kabla ya adhuhuri Dokta Mchome alikwisha wapanda watulizaji kwenye mkono wa Semvua. Alirudia masharti ya siku arobaini, akafunga mkoba, akaondoka haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Sasa kulikuwa na mlo wa kwanza wa kuandaa. Nakiete alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakuvuka kizingiti.

"Humu nitaingiaje, mdogo wangu?"

Atuganile aliutazama mwiko uliokuwa mkononi mwake. Jiko hili ndilo lilikuwa lake peke yake katika milima hii yote. Kazi imekwenda, koti limekwenda. Alisogea pembeni.

"Ingia, dada. Mahindi nimekwisha koboa."

Walipika bila maneno mengi. Nakiete alionja maharage, akaongeza maji, akapunguza moto, wala hakutoa somo. Makande yalipoiva Atuganile aliyapakua kwenye sinia moja, akalibeba kwa mikono yake mpaka sebuleni, akaliweka kati ya wale wawili kama sheria inavyotaka. Semvua alichota. Akatafuna, akafumba macho kidogo tu, na Atuganile aliliona lile kufumba macho, na lilimchoma palepale pa siku zote. Alikuwa na siku thelathini na tisa nyingine za kuliona.

Aligeuka arudi jikoni kwenye sahani yake.

"Ngoja," Nakiete alisema.

Aliinuka, akaingia jikoni akamtangulia, naye Atuganile alisikia birika, kikombe, kopo la sukari likifunguliwa. Kijiko kiligonga kikombe mara tatu, polepole, kila pigo likisikika. Nakiete alitoka na chai ya tangawizi, akasimama mbele ya mwenye nyumba. Mwanamke asiyetumia sukari hata kwenye uji alionja funda moja, akalimeza, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu chai, mdogo wangu."

Semvua aliacha kutafuna. Atuganile alikipokea kikombe, akanywa mpaka chini, akashukuru.